Mugongo ya Jante

Mi sikusoma sana. Niliachia masomo mwaka wa ine wa primaire, na hapa naandika sawa navyosema. Lakini kitu kimoja najua kupita batu mingi ya Kolwezi: kupima mugongo ya jante, ile chuma ya muviringo inayobeba tairi. Ile masomo nililipa na muguu wangu wa kushoto, na mwenye kunilipisha ni muuzaji wa majante wa barabara ya Musonoi, yule anashinda kwenye kiti ya plastiki nyeupe mbele ya depo yake, na kofia ya manyoya ata jua ikiwa kali. Jina yake siandiki. Mwenye kuishi Musonoi amekwisha kumujua.

Jeep yangu ni ya zamani, mraba sawa sanduku. Nilikuwa nabeba batu na mifuko ya bunga toka Kolwezi mpaka Kisenge, na wakati wa kiangazi nilifika mpaka Musumba. Ile njia iko na mifereji miwili ya matairi, na katikati majani na mawe yanapangusa tumbo ya gari. Basi nikainyanyua, sawa shofer wote wa huku wanavyofanya: chini ya kila resori, springi ya gari, unaongeza malame mawili, vibao vya chuma, umeyafungua kwenye kamio, lori yenye kufa. Gari ikasimama juu. Lakini matairi yake sasa yakaonekana madogo, sawa mutu munene amevaa biatu bya mutoto. Njo nikaenda kwa yule wa kiti nyeupe.

Huku kwetu jante inachaguliwa hivi: unahesabu matundu ya boliti. Gari matundu sita, jante matundu sita, imeingia, ni yako. Kisha unarudi nyuma hatua tano, unaangalia kama inajaza macho. Upande wa nyuma wa jante, ule unaoangalia resori, hakuna mutu anaangalia. Alinitolea jante ine za pick-up mupya ya kampuni ya mugodi, pana, na mapneu, matairi makubwa yenye meno. Fundi wake akazifunga gari ikiwa tupu, juu ya simenti, volan, usukani, imenyooka.

"Tata, zimeingia ao hazikuingia?" muuzaji akaniuliza.

"Zimeingia."

"Basi jante imekubali gari. Weye ni nani wa kukataa ndoa ya batu?"

Batu ya pale bakacheka. Na mi nikacheka.

Kufika nyumbani, nikakata kona ya kuingia mu lupango, uwanja wa nyumba yangu, nikasikia krrr. Nikashuka, nikapitisha mukono: upande wa ndani wa pneu ulikuwa unalamba malame. Nikarudi kwake siku ileile. Hakunyanyuka kwenye kiti.

"Pneu mupya ni kiatu kipya, tata. Italia kidogo, kisha itajikatia fasi yake. Umeona wapi mutu anarudisha kiatu mu duka juu inauma kidole?"

Nikaamini. Ile kosa ni yangu, naisema. Niliendesha wiki tatu na ile kelele, na siku ilinyamaza nikafurahi. Nikasema, ona, imejikatia fasi. Kumbe ilinyamaza juu raba ilikuwa imekwisha.

Ile pneu ilipasuka saa sita ya muchana, kwenye mutelemuko wa kamuto kadogo mbele ya kufika Kisenge, mu kona, gari imejaa bunga. Jeep ikalala upande wa kushoto. Mamama wawili wa soko waliokuwa nyuma bakatoka weupe na bunga sawa bazimu, mikwaruzo tu. Mi balinivuta na goti limefunguka. Mpaka leo halikunjike.

Lakini goti si kitu. Kabla sijatoka kwenye kitanda ya hospitali, yule mutu alikuwa amekwisha kueleza wateja wake wote: "Alikunywa lutuku. Ile pombe njo ilimuangusha, hapana pneu yangu." Mi lutuku sijui ata harufu yake vizuri. Neno likapita soko, likapita kanisa, likapita parking. Mamama wenye kuningojea siku mbili wasafiri na mi, sasa bakiniona banageuza kichwa, banaangalia maboga ya jirani. Shofer mwenye kukosa jina, gari yake ni nyumba ya kuku. Njo tangu pale nilitaka kitu kimoja tu mu hii dunia: aseme na mudomo wake, mbele ya batu, kwamba sikunywa.

Miezi nilipolala nyumbani, niliomba baniletee jante mbili karibu na kitanda: ile ya zamani ya jeep, na ile yake. Nikazilaza kifudifudi, nyuma ikiangalia juu. Nikapitisha kijiti toka mudomo mumoja wa jante mpaka mwingine, kisha nikashusha metre ya mushonaji toka kijiti mpaka pale jante inakutana na gari. Ile urefu njo naita mugongo. Ya zamani: sentimeta kumi. Yake: kumi na ine. Sentimeta ine zilikuwa zimesukuma pneu ndani, kwenye malame. Zilikuwa pale tangu siku ya kwanza, na kijiti cha fagio kingetosha kuziona. Nilicheka mupaka bibi yangu akaogopa.

Nilipoanza kusimama, nikatengeneza jeep pole pole na majante yake ya zamani, kiti nikaisukuma nyuma ili muguu wenye kunyooka ufikie pedali, nikakaa mu lupango kupimia wengine. Mugongo mufupi sana, jante inatoka nje sawa shavu yenye kujaa chakula, inakula marulema, zile bearing za ndani ya gurudumu, inarusha matope mu mulango. Mugongo murefu sana, inakula resori. Na sipimi gari tupu. Napakia mifuko ya udongo, napandisha tairi moja juu ya jiwe, nakata volan mpaka mwisho, kisha napitisha vidole. Vikipita vine, enda. Vikipita viwili, rudi kwa mwenye alikuuzia. Mafundi banacheka, lakini banakuja.

Na siku moja muuzaji naye akakuja.

Alikuwa amenunua jeep ya zamani sawa yangu, ameinyanyua, ameivalisha majante yake mwenyewe. Alikuwa anamupeleka mama mukwe wake Kisenge kwenye kilio, na toka nyumbani mpaka kwangu gari ilikuwa inalia krrr. Mama mukwe alikataa kwenda mbele: alikuwa amesikia kama kuna kilema mumoja wa Musonoi anayejua hizi mambo. Muuzaji akashuka, hakuniangalia usoni.

"Tata, angalia kidogo, tuko na haraka."

"Ni kiatu kipya," nikamujibu. "Itajikatia fasi."

Mama mukwe alikuwa ndani, kiti ya nyuma kabisa, dirisha wazi, kitambaa cheusi kichwani. Yeye na mi na huyu mutu, wote ni batu ya Kasai, wazazi balikuja kwa kazi ya migodi. Na kwetu mukwe mwanamuke ni heshima ya kuogopa. Huli mbele yake. Hukai naye fasi moja. Kulala kifudifudi chini mbele ya macho yake, ile ni haya ya kuzikwa nayo.

Nikachukua kijiti na metre, nikamupa muuzaji.

"Mi goti langu halikunjike. Unajua sababu. Lala weye chini, upime."

"Tata, ita mutu mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Mama anaangalia."

"Naona."

Sikuwa na haraka ata kidogo, nilikuwa nimengojea mwaka muzima na nusu. Nikafungua tairi ya mbele, nikailaza pembeni ya gari, chini ya dirisha ya mama. Akavua kofia, akashuka, tumbo mu vumbi nyekundu, matako juu, kijiti mukononi. Alipima mara mbili.

"Ngapi?" nikauliza.

Akasema polepole, mu koo.

"Sauti. Mama naye asikie."

"Kumi na ine."

Nikaenda na muguu wangu mukavu sawa mbao kule nyuma ya nyumba, nikaleta jante aliyoniuzia, ile ya ajali, na pneu yake imepasuka upande wa ndani, imechongwa sawa imepita mu randa. Nikaiweka pembeni yake. "Na hii?"

Hakutaka. Mama mukwe akasema toka dirishani, kwa sauti ya mutu anayeomba chumvi: "Pima, mukwe."

Akapima. "Kumi na ine."

Mama akaangalia ile pneu, akaangalia goti langu. "Uliniambia huyu alikunywa," akamuambia mukwe wake. "Uliniambia mi na dada yangu, mu sebule yako."

Muuzaji alibaki palepale chini, metre imezunguka kidole. Vumbi ilimushika kwenye midomo. "Hakunywa, mama," akasema.

"Sema na mudomo wote."

"Hakunywa. Jante ilikuwa mbaya."

Jirani balikuwa bamekusanyika kwenye lupango, mamama wa parking pia. Bote balisikia.

Mama akafungua mulango, akashuka na furushi yake ya nguo, akapanda mu jeep yangu, iliyokuwa imepakiwa bunga ya kupeleka Kisenge, kiti ya mbele. "Kilio haingojei," akaniambia. "Twende, tata." Sababu haiwezekani mukwe akae naye karibu, yule mutu alipanda nyuma kabisa, juu ya mifuko ya bunga, na kofia yake mu mufuko ya suruali. Gari yake ilibaki kwangu na tairi moja chini.

Kwenye mutelemuko ya kale kamuto nilipunguza mwendo. Nikapita kona polepole, volan mpaka mwisho, na chini ya gari hakuna kitu kililia. Mama akauliza kama ni hapa. Nikasema ni hapa.

Batu bananiambia nimusamehe, aliomba musamaha hadharani. Hakuomba. Alisoma namba. Siku ile, nikiendesha, niliangalia mu kioo: alikuwa ameshika mufuko na mikono miwili, uso mweupe wa bunga, anatazama kona. Nikatia moteri nguvu kwenye mawe, ili aruke vizuri juu ya mifuko.