Nilivyojifunza verb za Kijapani kupitia ng'ombe wa baba mkwe, Masaba enzi za Mwingereza

Wakuu, hamjambo humu ndani. Shikamoo mtanipa nyinyi, maana wengi wenu nawazidi miaka sitini.

Nimeletwa humu na mjukuu wangu. Yuko chuo pale Busitema, na Kijapani anajisomea mwenyewe kwenye simu. Juzi akanionyesha uzi wa vijana wanaolia kwamba verb za Kijapani zimewashinda. Nilicheka mpaka nikashika meno yangu ya bandia yasianguke.

Verb hizo mimi nilizijua nikiwa mke mpya, bendera ya Mwingereza bado iko juu pale Tororo. Na shule niliishia darasa la pili.

Naandika kwa kidole kimoja. Mjukuu anasahihisha herufi tu, maneno ni yangu. Chumvi sitatia, daktari amenikataza hata ya mboga.

Haya.

Mimi ni mtoto wa Mulanda, Mjapadhola, au Mudama kama Wasamia wanavyotuita. Niliolewa Masaba kwa Wasamia. Mume wangu alikuwa kibarua wa reli Tororo, anarudi mwisho wa mwezi na sabuni na sukari. Siku nyingine zote nilikuwa na wazazi wake. Kisamia nilikuwa sijakishika, kwa hiyo waliniongelesha Kiswahili cha soko la Busia.

Sasa kuna jambo lazima mlielewe kwanza.

Enzi zile mke wa mtoto na baba mkwe hawaongei. Humtazami usoni. Humpi mkono. Akiingia huku, wewe unatokea kule. Ukiwa na neno la lazima unakiambia kitu kingine, naye anasikia kwa pembeni. Kuni zimeisha? Unamwambia kuku, "Wewe kuku, kuni zimeisha." Baada ya muda kuni zinakuja.

Msicheke. Haukuwa uadui, ndiyo ilikuwa heshima yenyewe.

Baba mkwe alipelekwa vita vya Bama, yaani Burma, kupigana na Mjapani akiwa askari wa Mwingereza. Alirudi na mguu mmoja unaoburuta na koti moja la jeshi. Akanunua ng'ombe, akampa jina Bama.

Kila asubuhi yeye anakamua upande wa kulia, mimi nazoa samadi upande wa kushoto. Ng'ombe katikati. Na kila asubuhi anaongea na ng'ombe maneno nisiyoyajua.

"Taberu. Tabemasu. Tabemashita."

Wiki ya kwanza nikafikiri anamtukana. Ya pili nikafikiri anasali. Ya tatu nikaanza kusikiliza vizuri.

Hapa niwaambie ukweli wa moyo wangu. Baba yangu alinitoa shule ili kaka yangu apate nafasi. Akasema kichwa changu ni cha kubebea mtungi, hakina kazi nyingine. Nilibeba mtungi, na nikabeba na hilo neno. Nilikuwa nataka kujua kitu kimoja tu: je, ni kweli? Kichwa changu ni kitupu?

Kwa hiyo nikasikiliza kama mtu anayedaiwa jibu.

Nikaona Bama akianza kula majani, mzee anasema "taberu". Majani yakiisha, "tabemashita". Ndoo ya maji ikija, "nomimasu ka?" Ng'ombe akinywa, "nomimasu". Akigeuza mdomo pembeni, "nomimasen". Nikaelewa kabla sijajua kwamba nimeelewa.

Asubuhi moja akaweka ndoo, akauliza kama kawaida, "Nomimasu ka?"

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe nyuma ya ng'ombe: "Nomimasu."

Maziwa yakaacha kulia ndani ya chombo. Nikasimama na samadi mikononi. Nikajua leo narudi Mulanda.

Halafu nikasikia, "Bama! Kumbe miaka yote hii ulikuwa unasikia?"

Maziwa yakaanza kulia tena. Kisha akasema, "Bama, mwambie huyo aliyejibu kwamba amesema sawasawa."

Wakuu, nilizaa watoto saba na nilijenga nyumba ya bati kwa jasho langu. Lakini furaha ya asubuhi ile sijaipata tena.

Basi tukaanza shule. Mwalimu kulia, mwanafunzi kushoto, ng'ombe katikati akitafuna.

Sasa nyinyi mnaolia kuhusu verb, sogeeni karibu.

Kwetu mzigo wa neno unafungwa mbele. Ninakula, nilikula, sikula. Mjapani anaufunga mkiani. Taberu, kula. Tabemasu, kula kwa adabu. Tabemashita, imeshaliwa. Tabemasen, hakuna kula. Tabetai, hamu ya kula. Tazama hiyo "tabe", imesimama tu kama ng'ombe. Mkia ndio unaofukuza nzi.

Na hilo neno la kutenda linakaa mwisho kabisa. Gohan o taberu. Wali, kisha kula. Unaweza kusikiliza habari ndefu ya wali na maji na njia ya kwenda, na bado hujui kama mtu alikula au alikataa. Mpaka amalize. Ndiyo maana mzee alikuwa akisema, "Bama, mwambie asijibu kabla sijafunga mdomo." Tabia yangu mbaya hiyo, Kijapani kilinipunguzia.

Kitu kilichonishangaza zaidi ni kwamba ndani ya neno hakuna nani. Nikisema "nimekula", mimi nimo humo humo. Tabemashita haina mtu. Nani amekula? Mimi? Wewe? Ng'ombe? Unatazama aliyepo, unaelewa. Nikawaza, hawa watu nao lazima wana baba wakwe.

Makosa nayo nilifanya. Nilisikia taberu inakuwa tabete ukimwomba mtu ale, nikafikiri nomu itakuwa nomute. Mzee alicheka mpaka akamwaga maziwa. "Bama, mwambie huyo mtu aache kumvalisha nomu nguo za taberu." Ni nonde.

Nikachukua maharagwe nikapanga chini. Fungu moja la zile zinazoangusha "ru" kirahisi: taberu, miru ya kuona, neru ya kulala. Fungu lingine la zile zinazogeuka geuka: nomu ya kunywa, matsu ya kusubiri, motsu ya kubeba, iku ya kwenda. Halafu maharagwe mawili pembeni yasiyosikia la mtu, suru na kuru. Suru ni kufanya, kuru ni kuja, lakini kwa adabu unasema kimasu. Usiniulize kwa nini. Mzee naye alimuuliza mwalimu wake, akaambiwa ndivyo lilivyo.

Huyo mwalimu wake mtaniuliza ni nani.

Mzee alipoumia mguu waliacha kumpeleka mbele, wakamweka kulinda mateka wa Kijapani. Mmoja wao alikuwa mpishi. Wote wawili hawakuwa na lugha ya Mzungu. Mpishi anainua kikombe, anakunywa, anasema neno. Mzee anainua kikombe, anakunywa, anasema neno lake la Kiswahili. Ndivyo walivyokwenda miezi mingi. Ndiyo maana majina ya vitu mzee alikuwa nayo machache, maji na wali na moto. Lakini kutenda alikujua: kula, kunywa, kusubiri, kubeba, kulala, kwenda.

"Bama," alisema siku moja, "mwambie huyo kwamba yule mtu alichukuliwa asubuhi kwa lori na sikumuaga. Nikiacha kusema maneno yake, atakuwa amepotea kabisa."

Nilizoa samadi siku hiyo bila kuinua kichwa.

Sasa kosa letu.

Bama alitaka dume. Wakampeleka kwa jirani mwenye fahali, siku tatu.

Asubuhi mzee akatoka na kigoda chake na chombo cha kukamulia. Mimi nikatoka na beleshi. Kwa nini tulitoka? Mazoea, wakuu. Akakaa kulia. Mimi kushoto. Katikati kuna mti wa kufungia ng'ombe na kamba inayoning'inia.

"Matsu," akasema. Kusubiri.

"Machimasu," nikasema. "Matte. Machimashita."

Tukaendelea hivyo, tumekolea kabisa, mpaka nikasikia sauti nyuma yangu.

"Ng'ombe iko wapi?"

Alikuwa Senge. Senge ni shangazi wa mume wangu, dada mkubwa wa mzee, mama mwenye mwili na sauti ya kuamrisha. Alikuwa ametoka kwake kuja kuomba mbegu za mtama.

Mzee akatazama mti. Mimi nikatazama kamba.

"Nauliza, ng'ombe iko wapi?"

"Imekwenda kwa dume," mzee akasema.

"Sasa wewe nakamua nini? Na huyu Mudama anakujibu nini?"

Mzee aliinuka, akachukua kigoda, akaburuta mguu kuelekea shambani. Vita vya Bama alivishinda, dada yake hakumweza.

Kufika mchana Senge ameshajaza jikoni wanawake wa ukoo. Niliketi chini karibu na mlango. Mama mkwe alikuwa kwenye jiwe anasaga wimbi. Yule mama alikuwa haongei sana. Mwaka mzima nilikuwa sijui kama ananipenda au ananivumilia.

"Ameongea na baba mkwe wake wazi wazi," Senge akasema. "Uso kwa uso! Hata ng'ombe hakuna!"

"Mgongo kwa mgongo," nikasema.

"Nyamaza! Ulisema nini naye? Sema hapa tusikie."

Nikasema yote. Taberu, tabemasu, tabete. Nomu, nomimasu, nonde. Nilipofika machimasu mwanamke mmoja akaanza kucheka kwa pua.

"Katika hayo," Senge akauliza, "ipi ndiyo 'wewe'?"

"Hakuna, Senge. Hayo maneno hayana wewe wala mimi."

Niliona nimejitetea vizuri. Wapi!

"Mnamsikia? Maneno haina mtu ndani! Basi anaongea na mizimu." Akapiga magoti yake kwa viganja. "Afunge vyungu vyake arudi Mulanda. Baba yake akileta kondoo wa kusafisha boma, tutazungumza. Na hiyo shule ya kinyesi imekwisha."

Baba yangu kondoo hakuwa naye. Na hata angekuwa naye, nilijua atakachosema. Atasema, nilisema mimi kuhusu hicho kichwa.

Sikulilia ndoa, wakuu, nawaambia ukweli hata kama mume wangu marehemu ananisikia. Nililia kwa sababu tulikuwa hatujamaliza fungu la pili la maharagwe.

Jiwe la kusagia likanyamaza.

"Senge," mama mkwe akasema, "mtu wangu alirudi kutoka Bama lini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe uliyempikia kuku siku aliyorudi. Tangu siku ile anaongea peke yake. Ulisema alirogwa. Mchungaji akasema ni shetani wa vita. Mimi nikasema nimeolewa na mwendawazimu, basi, nitalima. Ni miaka mingapi hakuna aliyemjibu?"

Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu mtoto wa Mulanda amemjibu. Tangu amjibu, mzee analala. Sasa ukimfukuza, Senge, ni sawa. Lakini kesho asubuhi uje wewe ukae pale umjibu."

"Mimi? Kwa lugha ipi?"

"Basi."

"Na heshima je? Hakuna kitu katikati!"

Mama mkwe akapangusa unga mikononi, taratibu, kidole kimoja kimoja.

"Kesho katikati nitakaa mimi. Mimi ndiye ng'ombe."

Jikoni palilipuka kwa kicheko. Hata Senge alijaribu kukunja uso, tumbo lake likamsaliti. Alikaa akala, akapewa mbegu za mtama, akaondoka akinung'unika kwamba boma hili lote limekwenda Bama.

Na kweli kesho yake mama mkwe alikuja na ungo wake wa maharagwe, akakaa kwenye ule mti, mume wake kulia, mimi kushoto. "Semeni," akasema. Bama alirudi na mimba lakini mama hakuondoka. Miaka minne, kila asubuhi, anachambua maharagwe, hainui macho, haulizi. Mimi na mzee tulimaliza mafungu yote. Akanifundisha na kuandika, kwa kijiti, kwa herufi zetu hizi hizi ninazoandikia hapa.

Mzee alikufa msimu wa mvua. Kwa desturi sikuingia chumbani alimolala. Nilikaa nje ya ukuta, nikasema zote nilizozijua, kwa sauti, mpaka nikasikia wanawake ndani wanaanza kulia.

Baada ya matanga nilirudi kuzoa samadi. Nilifanya haraka nitoke, maana mahali pale palikuwa kimya mno.

Mama mkwe akaja na ungo wake. Akakaa pale pale kwenye mti. Akachambua maharagwe machache. Halafu, bila kuinua macho, yule mama ambaye sikuwahi kumsikia akitamka hata neno moja la Kijapani, akasema:

"Tabemasu ka?"

Beleshi likaniponyoka.

"Tabemasu," nikamjibu. Tukaenda jikoni tukala.

Hiyo ndiyo habari yangu. Nilichojifunza ni hiki: verb haitaki kichwa kikubwa, inataka mtu wa kukujibu. Mjukuu wangu ana simu inayomwambia "umekosea" na kengele. Simu si mtu. Sasa kila asubuhi anakaa mlangoni pangu na chai, mimi nauliza, yeye anajibu. Anasema naongea kama mpishi wa jeshi. Ni sawa, najua nimetoka kwa nani.

Mnaojifunza, nani anawajibu nyumbani? Andikeni hapo chini. Na walioko Japani wasome hapa vizuri: kama familia yenu ilikuwa na mzee aliyepika vitani, aliyekuwa akisema peke yake "kula, nakula, nilikula" na mkadhani amechanganyikiwa, hakuchanganyikiwa. Mwambieni mama wa Masaba amemsikia.