Sisimizi Ndani ya Kisanduku cha Gitaa

Sifa na shukrani ni za Mwenyezi Mungu, aliyenipa miguu ya kukanyaga pedali nikiwa na miaka sitini na minne, akanipeleka salama na kunirudisha salama, na akaniachia masikio mawili ambayo bado yanatofautisha waya mzima na waya mbovu. Ninawaandikia ninyi wa usharika wetu, hasa mliokuwa mashambani juma lile mkaisikia habari hii kwa vipande, kila kipande kikiwa kimetiwa chumvi na aliyekileta.

Sababu ya safari ilikuwa hii. Mnajua kwamba mimi ndiye ninayepiga gitaa la solo katika kwaya. Amplifaya ya kanisa ilipoungua, mkwe wangu, mume wa binti yangu Tabitha, ambaye ni baharia wa meli za mizigo, aliniletea kutoka ng'ambo kisanduku cha kidijitali chenye ukubwa wa Biblia ya mezani. Kazi ya kisanduku hicho ni kuiga. Unachomeka gitaa upande mmoja, upande wa pili unachomeka waya wa spika za kanisa, kisha unazungusha vitufe na chenyewe kinaigiza amplifaya unayoitaka, kubwa au ndogo, ya zamani au ya kisasa. Ukiipenda sauti, unaihifadhi kwa namba. Sauti yangu ilikuwa namba tisa, nami niliitafuta kwa miezi minane, nikisoma kitabu cha maelekezo aya moja kwa siku huku kamusi ya Kiingereza ikiwa magotini. Nyumbani nilipiga kwa kuvaa spika ndogo za masikioni, na mke wangu, Mama Tabitha, alichambua mchele pembeni yangu bila kusikia chochote. Alisema hapo ndipo ninapopiga vizuri kuliko siku zote.

Basi Jumatatu kisanduku kikanyamaza. Taa yake iliwaka, ikapepesa, kikatoa mlio kama samaki anayekaangwa, kisha kimya. Na Jumapili iliyokuwa inakuja, baada ya ibada, wazee wa kanisa walikuwa wakae kuamua jambo moja: gitaa libaki katika kwaya, au lipumzishwe, nafasi yake ichukuliwe na kinanda cha umeme cha Mwalimu Obedi, kiongozi wetu wa kwaya, ambacho kina mpaka ngoma ndani yake. Obedi ni kijana mwenye adabu. Alikuja nyumbani akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Babu, umetumika sana. Sasa utakuwa mshauri wetu." Mshauri wa kwaya namfahamu. Ni mtu anayekaa benchi la mbele na kuwashikia wengine madaftari ya nyimbo.

Alhamisi, alfajiri. Nilifunga kisanduku kwenye kerea ya baiskeli kwa mpira. Mama Tabitha alikuwa amekwisha kukifunika kwa kitambaa chake cheupe cha kufuma, kile cha maua ya waridi pembeni. Mnaijua nyumba yetu: hakuna chombo cha umeme kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa, pasi ina kitambaa, hata kile kisanduku nilipokuwa nakipiga alikifunika, akaniacha nipapase vitufe kwa chini kama mtu anayetafuta mayai ya kuku. Kitambaa hicho alikifuma kwa miezi mitatu, kisha akakitia wanga wa mhogo uliochanganywa na sukari ili kingo zisimame kama taji.

"Kitambaa kirudi," aliniambia.

"Na mimi?"

"Na wewe pia, ukiweza."

Saa mbili asubuhi, Pugu. Nilisali pale juu kabla ya mteremko, maana breki zangu zinahitaji maombi. Kutoka hapo barabara ilinipeleka yenyewe mpaka Gongo la Mboto. Pande zote mbili nikaona vibanda vipya ambavyo mwaka juzi havikuwapo: redio zimepangwa juu ya meza kama nyanya, kanda, masufuria ya kung'aa, viatu vilivyovaliwa Ulaya. Zamani tulipanga foleni ya sabuni. Sasa sabuni ndiyo inayokusimamisha njiani. Mchuuzi mmoja alinipigia mluzi akauliza kama nilichobeba kinauzwa. Nikamwambia ni kibovu. Akasema, "Hata kibovu, mzee, kina mtu wake." Nikakanyaga pedali.

Saa sita mchana, Tabata. Tabitha alinipokea getini, akanyanyua kisanduku, akanipa maji, yote kwa mkupuo mmoja.

"Shikamoo, baba. Umekuja na baiskeli toka kule?"

"Marahaba. Baiskeli ndiyo iliyokuja. Mimi nilikaa tu."

"Mama anajua?"

"Mama ndiye aliyenifungia mkate."

Alicheka, akanipikia ndizi na nyama. Umeme haukuwapo siku ile, zamu ya mtaa wao, kwa hiyo hatukuweza hata kukijaribu. Aliniambia kuna fundi Temeke anayeitwa Shija, aliyeitengeneza redio ya mume wake baada ya mafundi watatu kushindwa. "Ila ana maneno," akasema. "Usimjibu yote." Nililala kwao kwa amani, na wajukuu wakanifundisha jinsi ya kusali haraka, jambo ambalo nimelikataa.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, Temeke. Karakana ya Shija ni chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ndani televisheni zimepandana hadi darini bila migongo. Yeye ni mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Alinyanyuka kwenye kigoda.

"Shikamoo, mzee. Mzee ni mtu wa wapi?"

"Marahaba. Huku nyuma ya Pugu, njia ya Kisarawe."

"Mzaramo?"

"Mzaramo."

Akaweka chini chuma chake cha kulehemu, akaufunga mlango nusu, akasema taratibu, "Leo Mungu kaniletea mali yangu mpaka dukani. Mie Mnyamwezi."

Watoto wenu wa siku hizi huenda hawajui, kwa hiyo nawaeleza: Mnyamwezi ni mtani wetu tangu enzi za misafara. Mtani anaweza kukutania mbele ya watu, akachukua kitu chako mchana kweupe, nawe huna ruhusa ya kununa. Na siku yako ya msiba yeye ndiye anayekimbia huku na huku kukuhudumia.

Nilipokwisha kumweleza kwamba ni chombo cha gitaa la kwaya, alikivuta karibu. "Nyie Wazaramo," akaanza, huku anafungua skrubu, "mtu anaezua bati la nyumba yake auze, apate kucheza ngoma. Sasa leo mmeingia kanisani mmekuta hakuna ngoma, mmeleta gitaa."

"Na nyie mlikuja pwani mmebeba mizigo ya watu vichwani," nikamjibu. "Mpaka leo unanishikia wa kwangu."

Alifurahi sana. Kisha akainua mfuniko wa kisanduku, na furaha ikamwishia mdomoni. Ndani kulikuwa na sisimizi. Si kumi, si ishirini. Walikuwa wamejenga mji, wenye mayai yao meupe, kuanzia kwenye vitufe mpaka kwenye betri ndogo ya duara kama ya saa, na vyuma vinavyoishika betri hiyo vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Mzee, humu mmeweka nini, halua?"

Nikatazama kitambaa cha mke wangu mezani. Naye akakitazama. Akashika ncha moja ya waridi, akaigusisha ulimini.

"Sukari," akasema. Kisha akaanza kucheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka. "Miaka ishirini na tano ya ufundi. Nimeona radi, nimeona panya, nimeona mtu kamwaga togwa. Chombo kuuawa kwa mapambo, hii ndiyo mara ya kwanza."

Alinieleza vizuri, na haya ninayaandika ili yawafae wengine wenye vyombo. Kisanduku kikifunikwa huku kinafanya kazi hakipumui, kinachemka. Sukari inaita wadudu, joto linawapa makazi. Kifutwe kwa kitambaa kikavu, kifunikwe kikiwa kimezimwa na kimepoa. Umeme ukikatika, chomoa plagi, maana unaporudi hurudi kwa hasira. Kisha akanionyesha ile betri.

"Hii ndiyo inayokumbuka namba zako. Lazima niing'oe. Nikiing'oa, kinasahau kila kitu. Sauti zako umeziandika? Kitufe hiki kilikaa wapi, kile kilikaa wapi?"

"Sikuandika."

"Watu wa kanisa mnaandika mpaka nani kachelewa mazoezi. Hili hukuandika."

Nikamwambia aing'oe. Aliwafagia sisimizi kwa brashi, akasugua kutu kwa spiriti, akalehemu, akaweka betri mpya. Taa ikawaka bila kupepesa. Nikachomeka gitaa la mteja wake lililokuwa ukutani, nikaita namba tisa. Ikaja sauti kali ya vijana, kama bati linalokatwa. Si yangu.

"Basi tuitafute," Shija akasema. "Nieleze ilikuwaje."

"Ilikuwa nyororo."

"Asali nayo nyororo. Nieleze kama fundi."

Tulizungusha vitufe saa nzima. Kila nilipomwambia si hiyo, aliniuliza swali lile lile: ilikuwa inaiga amplifaya gani? Mwisho nikachoka, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mama Tabitha. Kabla sijaokoka nilipiga bendi ya dansi Magomeni. Tulikuwa na amplifaya moja ya kahawia, yenye taa za kioo ndani, spika yake imechanika kidogo upande. Siku nilipoacha dansi niliiacha na hiyo. Na miezi minane ile, na spika zangu za masikioni, amplifaya hiyo ndiyo niliyokuwa naitafuta. Sauti ambayo usharika wetu huniambia ni ya mbinguni ilitoka kwenye ukumbi wa bia.

Shija alivua miwani.

"Kwa hiyo Jumapili mnacheza rumba, mchungaji akiwa hana habari."

"Bwana Shija."

"Usinune, mtani, mie nauliza tu." Akazungusha kitufe cha besi nyuma kidogo, akaongeza ule mkwaruzo, mdogo tu, kama wa spika iliyochanika. Nikapiga. Ilikuwa yenyewe, mpaka mkono wangu ukasimama. Tuliandika kila kitufe kwenye karatasi, nakala mbili.

Nililipa kazi yake. Kisha akakikunja kile kitambaa mara nne, akakitia mfukoni.

"Hiki ni changu, Mzaramo. Na Jumapili naja kanisani kwenu. Nije nisikie dansi la bure, niwaambie wenzio wanasikiliza nini."

Jumamosi, njiani kurudi. Mteremko wa kwenda ni mlima wa kurudi. Kuanzia Gongo la Mboto niliisukuma baiskeli, na kila hatua nilimwomba Mungu ampe Shija kazi nyingi Jumapili. Baada ya hapo nikaona haya kumwombea mtu usumbufu, nikaomba tu nipewe utulivu. Nyumbani Mama Tabitha aliangalia kwanza kerea.

"Kitambaa?"

Nikamweleza yote ya sisimizi na sukari. Alisikiliza, akachambua mchele wake kidogo, akasema, "Mtani kachukua. Basi ana haki yake." Kisha akasema, "Wanga nitatia. Sukari sitatia." La Magomeni sikulisema.

Jumapili, kanisani. Nilipiga wimbo wa kwanza kwa namba tisa, na Obedi mwenyewe aligeuka kunitazama. Ndipo wageni wakaombwa wasimame wajitambulishe. Aliyesimama nyuma kabisa, ndani ya suti ya rangi ya ugoro, alikuwa Shija.

"Hamjambo wote. Mie ni fundi kutoka Temeke, Mnyamwezi, kwa hiyo hapa nipo kwa watumwa wangu." Watu wakacheka. Akawaambia habari za sisimizi, na Mama Tabitha akaficha uso kwenye kanga, mabega yakimtikisika. "Hiyo sauti mnayoisifu," Shija akamalizia, "asili yake mwulizeni mwenyewe. Mie mtani, nimekuja kula tu." Akakaa.

Kanisa zima likanigeukia. Nikaweka gitaa chini. Nikawaambia kama nilivyomwambia yeye: bendi, Magomeni, amplifaya ya kahawia, spika iliyochanika. Nikasema kama sauti hii haistahili madhabahuni, wazee hawana haja ya kikao. Gitaa nitalifunga mwenyewe.

Bibi Damari, ambaye hakuna aliyemzidi umri katika usharika wetu, hakusimama. Alizungumza akiwa pale pale kwenye benchi lake, fimbo mkononi.

"Kaa chini, Petro. Sie tuliijua toka Jumapili ya kwanza. Bendi yenu haikuja Kisarawe kila mavuno? Wewe ulikuwa jukwaani umefumba macho. Unadhani waliokuwa wanacheza pale chini ni akina nani?"

Kwenye mabenchi ya mbele wakongwe wote walikuwa wanatazama sakafu, na mmoja wa wazee wa kanisa, ambaye simtaji kwa sababu ya heshima yake, alikuwa anatabasamu kama kijana.

Kikao cha wazee baada ya ibada hakikuchukua muda wa kunywa chai. Kinanda kimewekwa kushoto, gitaa limebaki kulia, na Obedi ameomba nakala ya karatasi ya namba tisa.

Nilichojifunza ni kwamba nilikuwa ninamficha Mungu zawadi aliyonipa mwenyewe kabla sijajua jina lake, na nilikuwa ninawaficha watu waliokuwa wanaifahamu siku zote. Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde utokapo na uingiapo, vyombo vyako vikae vikavu, masikio yako yasizeeke kabla ya moyo, na lolote unaloona aibu kulitaja, akupe watu watakaokusikiliza kisha wakuambie ukae uendelee kupiga. Amina.