Siku Watu Walipofunga Macho Sinema

Umewahi kuona watu wakilipa kiingilio cha sinema, halafu filamu ikianza, wote wanafunga macho?

Mimi nimeona. Hapa hapa Kitale, Jumamosi mchana. Na mimi ndiye niliyewaalika.

Ngoja nikueleze vizuri.

Kuna jengo mjini ambalo babu yake Aman alilijenga liwe sinema. Watu wa rika la mama yangu wanakuambia walichumbiana humo. Video zilipoingia mitaani, viti viling'olewa, likawa stoo ya mahindi. Mahindi yakatoka, kanisa letu likaingia. Tulisali humo miaka na miaka, mpaka tukajijengea letu barabara ya Kachibora.

Jengo likabaki na popo.

Aman akaanza kutafuta mnunuzi. Akampata Wakoli, tajiri wa Bungoma anayeuza simiti na mabati. Wakoli alitaka kulibomoa ajenge stoo kubwa.

Hapo ndipo binti yangu Edah aliponipigia simu.

Edah ana diploma kama mimi, na alikuwa na kazi nzuri ya maabara kule Bungoma. Akaiacha. Ati anatengeneza filamu.

“Mum, nimeongea na Aman. Amenipea Jumamosi moja. Nikijaza huo ukumbi, ananikodishia tuufanye sinema tena.”

“Na usipojaa?”

“Wakoli anabomoa. Na mimi narudi maabara.”

“Basi sijui nikuombee ama nisikuombee.”

“Mum, bana!”

Alikuja nyumbani akanionyesha filamu yenyewe kwa simu. Ni kisa cha mjane wa kijiji cha Ndalu anayekataa kufukuzwa shambani na shemeji zake. Nilikuwa nakaanga vitunguu.

Viliungua.

Kesho yake nikaingia kazini. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani, na sibembelezi mtu. Nikasimama mbele ya kanisa zima nikasema, “Jumamosi, ukumbi wetu wa zamani. Filamu safi, hakuna kubusiana. Asiyekuja asiniombe sufuria za harusi tena.”

Walikuja. Walijaa mpaka wengine wakakaa chini. Nabwile, rafiki yangu mwenye sauti ya kuita watu wa Tongaren bila simu, alikaa mstari wa mbele.

Nikamfuata Aman mlangoni, nimetabasamu mpaka mashavu yanauma.

“Si umeona? Umejaa.”

Hakuniangalia. “Mama Edah, nimeona. Lakini Wakoli amepandisha bei. Yuko njiani. Akipenda, namuuzia leo.”

“Na ahadi yako kwa mtoto wangu?”

“Pole, mama. Biashara.”

Nilitaka kumwambia biashara ni nini, lakini Edah alikuwa ameshazima taa.

Sasa sikiliza kitu ambacho mimi na Edah tulikuwa tumesahau kabisa.

Katika ukumbi ule, kwa miaka yote tuliyosali, mchungaji alikuwa akizima taa wakati wa maombi ili mtu asimkodolee macho jirani anayelia. Taa zikizimwa, unasimama, unafumba macho, unaomba kwa sauti. Huachi mpaka ziwashwe.

Giza likaingia.

Halafu Nabwile akafyatuka. “Baba, katika jina la Yesu!”

Ukumbi mzima ukasimama.

Filamu inaendelea kwenye ukuta, mjane anapalilia, na hakuna jicho hata moja linalomtazama. Watu wanalia. Wengine wanakemea mapepo. Hata wale wasio wa kanisa letu walisimama, maana ungefanya nini?

Edah akanijia mbio. “Mum, wanafanya nini?”

Nikapiga kelele, “Fungueni macho!”

Wakaitikia kwa nguvu, “Fungua macho yetu, Bwana!”

Hapo mlango ukafunguliwa, Wakoli akaingia na futi yake ya kupimia.

Aliona giza. Akasikia kilio. Ukutani, mjane wa Edah amepiga magoti kwenye udongo, mikono juu. Wakoli akavua kofia.

“Aman, uliniambia hii ni stoo tupu.”

“Ni tupu, mzee! Hii ni sinema tu!”

“Sinema gani watu wanalia hivi? Mimi sibomoi kanisa. Nina watoto, sitaki laana.”

Akatoka. Mimi si mwongo, nikamfuata mpaka kwa gari lake. “Bwana Wakoli, Aman anasema kweli. Wamezoea tu kuomba taa zikizimwa.”

Akaniangalia kwa huruma. “Mama, mimi ni mtu wa Bungoma. Maombi nayajua nikiyasikia.”

Gari likaondoka.

Nikarudi ndani nikawasha taa. “Ameni!” wakasema, wakaketi, wakapangusa nyuso. Nikawaeleza. Nabwile alicheka mpaka akashikiliwa. Tukaanza filamu upya, safari hii tukiacha balbu moja ya nyuma ikiwaka ili wasichanganyikiwe.

Shemeji walipokuja na panga, ukumbi ulinguruma. Na nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamume ikisema, “Usitoke, mama! Usitoke hapo!”

Nikageuka. Ni Aman. Machozi mpaka kidevuni.

Filamu ilipoisha alinivuta kando. “Mama Edah, niambie ukweli. Ulipanga hii ya Wakoli?”

“Ningekuwa na akili ya kupanga hivyo, ningekuwa mbunge.”

Akamwita Edah, akampa funguo mbele yangu. Sasa ni filamu kila Jumamosi, na Edah harudi maabara.

Funzo? Ukitaka kufufua jengo la zamani, usianze na rangi. Anza na kuwauliza watu walikuwa wakifanya nini humo ndani. Na mtoto wako akikuambia ameacha kazi, mgombeze. Ni haki yako.

Lakini zima jiko kwanza, uone alichotengeneza.