Maji Yasiyozikwa

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Mabwerebwere, mbuzi akichinjwa, Bibi, mama yake Baba, ndiye aliyekagua ini. Akikuta vifuko vyeupe vilivyojaa maji, alivitoa taratibu visipasuke, akamrushia mbwa wetu aliyelinda mahindi.

"Hivi havizikwi," alituambia. "Ukivizika, vinatafuta tumbo la mtu vikamee."

Hakuna aliyembishia. Mbwa alivila, kisha akaja kujilaza miguuni petu.

Shangazi Zaina, kitindamimba wa Bibi, alikuwa bado anaishi nasi alipoanza kuvimba chini ya mbavu za kulia. Mwanzoni majirani walicheka.

"Zaina, huyo mtoto anasubiri nini, treni?"

"Anasubiri baba yake alete mahari," alijibu.

Kicheko kilikoma alipoanza kukonda huku tumbo likikua. Alipigwa picha hospitalini, Baba akarudi akasema kwa sauti ya chini kwamba kuna uvimbe mkubwa kwenye ini, unaonekana kama kansa, na tumpeleke Morogoro.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilichoka. Sina neno jingine. Chakula kilipikwa, kikaliwa nusu. Hata kuku tulisahau kuwafungia.

Bibi hakuuliza habari za kansa. Aliuliza, "Nani amezika?"

"Ni mimi, mama," Mama alijibu. "Mbuzi wa Pasaka. Niliona kinyaa, nikavifukia shimoni."

Bibi aliketi chini. Kuanzia hapo hakupokea tena chakula mkononi mwa Mama. Na Mama, aliyeitwa muuaji kwa kunyamaziwa tu, aliendelea kumwogesha Shangazi kila jioni, akipima maji kwa kiwiko kama anayeogesha kichanga.

Bibi aliagiza mganga kutoka Kidodi aje achanje tumbo, maji yatoke. Shangazi alikubali.

"Aje tu. Hata akija na panga. Nimechoka."

Mama akamshika mkono. "Wifi, nipe safari moja ya Morogoro. Tukirudi nitamshikia mganga taa mimi mwenyewe."

"Umeshanizikia tumboni, sasa unataka ukanizike Morogoro?"

"Ndiyo. Huko udongo laini."

Walicheka mpaka Shangazi akajishika mbavu kwa maumivu. Kesho yake wakapanda basi.

Mama alinisimulia baadaye kwamba daktari wa huko aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza kama tunafuga mbwa, na mbwa huyo anakula nini. Mama akaeleza yote. Wakapima damu. Haikuwa kansa. Kilikuwa kifuko cha mnyoo, kilichokua kwa miaka mingi, tangu kabla Mama hajaolewa kwetu. Mbwa anaupata mnyoo huo akila matumbo na maini mabichi yenye vifuko. Mayai yake hutoka na kinyesi, nasi tunayameza kwa mikono michafu au mboga zisizooshwa. Daktari alionya kifuko kisitobolewe ovyo: maji yale yakimwagikia ndani yanaweza kumuua mtu papo hapo, au kuzaa vifuko vingine. Shangazi alipewa vidonge, kisha akapasuliwa. Alirudi mwembamba, ana kovu, anataka ugali na mlenda.

Bibi alingoja kusikia kosa ni la nani. Nilikuwepo, nimeegemea mlango.

"Daktari anasema kilianza zamani, mama," Mama alisema. "Na mbwa asipewe tena kitu kibichi." Akaishia hapo.

Bibi akamsogezea sahani yake. "Mama Neema, nipakulie."

Sasa naishi Mikumi, nina mtoto anayetambaa, na kila mara namnawisha mikono. Huwa nafikiri Bibi alikuwa karibu sana na ukweli. Alijua kuna kitu kinachotoka kwa mnyama kuingia kwa mtu. Alikosea njia tu, na alikosea kwa kutupenda.

Nilimuuliza Mama kwa nini hakumwambia yote, baada ya miezi ile ya kunyimwa hata salamu.

"Mbwa alishaacha kupewa," alisema. "Kilichobaki kilikuwa cha kumuumiza tu. Naye alikuwa amechoka, kama mimi."

Bibi alifariki bila kuambiwa. Nadhani alijua. Nadhani pia alijua ni nani aliyemwacha azeeke kwa amani, maana hakuomba tena chakula kwa mtu mwingine.