Sahihi Aliyoombwa Ofelia

Kwa miaka kumi na tisa Ofelia Bustamante alikuwa mpishi wa shule pale Clifton, Arizona, na katika mji ule mzima wa wachimba shaba hapakuwa na mtu aliyewahi kumdai hata senti. Ndiyo maana mtu wa mahakama alipomkabidhi bahasha mlangoni, alidhani amekosea nyumba.

"Jina ni lako, mama," yule mtu akasema, akashuka ngazi mbiombio.

Hati ilisema yeye na mumewe, Eleuterio, wameshtakiwa kwa deni la dola elfu arobaini na moja. Akaisoma mara tatu akiwa wima. Kisha akazima jiko, maharage hayajaiva, akaketi kumsubiri mumewe atoke mgodini.

Eleuterio aliiona bahasha hata kabla hajavua buti.

"Ni mkopo wa Chano," akasema kwa sauti ndogo.

Chano alikuwa rafiki yake wa ujanani, tena baba wa ubatizo wa binti yao, Ines. Miaka mitatu nyuma alikopa ili afungue duka la matairi, na kampuni ya mikopo ikataka mdhamini. Eleuterio akaweka sahihi. Duka likafa, Chano akakimbilia kwa dada yake huko Sonora, ng'ambo ya mpaka.

"Na mimi ukanificha."

"Nilijua utakataa."

"Kumbe ulijua!"

"Ofe, siku ile mwamba ulipoanguka mgodini, nani alinivuta miguu? Leo aje na shida yake nimwambie nini? Ngoja kwanza nikamuulize mke wangu?"

"Ndiyo! Ungemwambia hivyo hivyo. Angekucheka, mngekunywa bia, yakaisha."

Siku mbili baadaye akaja bwana Pruitt wa ile kampuni, mpole, mwenye tabasamu na karatasi mpya. Walipe dola mia tatu kila mwezi, kesi ifutwe. "Hapa atasaini mzee, na hapa wewe, mama."

Eleuterio, kwa aibu, alishaishika kalamu. Ofelia akamwekea mkono juu ya kiganja.

"Bwana Pruitt, mbona leo mnaitaka sahihi yangu, na siku ile hamkuitaka?"

Pruitt akakohoa, akasema ni utaratibu tu. Kikohozi kile ndicho kilichompeleka Ofelia kwa wakili, mjini Safford.

Wakili, mama wa makamo aitwaye Haldane, alisoma mkataba wa zamani hadi mwisho, akaurudia. Akamweleza kwamba Arizona wanachochuma mume na mke ndani ya ndoa ni cha wote wawili, na mara nyingi deni la mmoja hulipwa kwa mali hiyo ya pamoja. Lakini kumdhamini mtu ni jambo jingine: mmoja hawezi kuifunga mali ya wote bila mwenzake kusaini.

"Na ile karatasi mpya?" Ofelia akauliza.

"Ungeisaini, ungejifunga mwenyewe."

Ofelia akaomba maji ya kunywa.

Mahakamani haikuchukua hata saa nzima. Hakimu aliuliza kama kuna sahihi ya mke; haikuwepo. Nyumba, mishahara na akiba yao vikapona. Lakini Eleuterio mwenyewe alibaki anadaiwa, na alikuwa na kitu kilicho chake peke yake: eka sita kando ya mto Gila, urithi wa marehemu baba yake. Zikaamriwa kupigwa mnada.

Ofelia alikuwa ameshinda, lakini hakusherehekea. Jumamosi ya mwisho kabla ya mnada walikwenda pamoja kwenye zile eka kuchuma makomamanga aliyopanda marehemu mzee. Eleuterio alichuma mgongo ukiwa umemwelekea mkewe, na Ofelia alipoona mabega yake yanatikisika hakumsogelea mara moja.

"Bado una hasira na mimi?" hatimaye Eleuterio akauliza.

"Ninayo. Lete ndoo."

Wiki iliyofuata Chano alipiga simu, analia. Eleuterio akawa anamweleza habari za mvua. Ofelia akamnyang'anya simu.

"Chano, Ines anaolewa Januari. Wewe ndiye baba yake wa ubatizo. Usipokuja, nitakufuata huko huko."

Siku ya harusi Chano alikuja, amekonda, koti la kuazima limemzidi. Alisimama mlangoni mwa ukumbi, hajui aingie ama arudi. Eleuterio akaenda kumshika mkono, akamkalisha meza ya wazazi, na Ofelia akampakulia tamale tatu, zile za unga wa mahindi zilizofungwa kwa maganda.