Mwanamume kwenye Sufuria ya Bi Eduviges

Kijiji kizima cha Santa Cruz de las Peñas hakikuwa na sufuria iliyoheshimiwa kama ya Bi Eduviges Barranco. Arusi haikuwa arusi, wala matanga hayakuwa matanga, mpaka yeye amejifunga mtandio wake kiunoni, amekanda unga wa mahindi na mafuta ya nguruwe, akaufunga tamali moja moja kwenye maganda ya hindi na kuzipanga juu ya mvuke.

Sheria yake ilikuwa moja, na kila mtu aliijua: mwanamume akichungulia sufuria, tamali haziivi. Hutoka nyeupe, mbichi, zimenata kwenye maganda kama gundi. Sheria hiyo aliirithi kwa mama mkwe pamoja na sufuria yenyewe, na hakuuliza sababu, maana yule mama hakuwa mtu wa kuulizwa.

Alipokuwa bibi arusi mbichi, alitumwa siku moja kumwita mumewe, Melquiades, kwenye kilabu cha pombe ya mkonge. Kabla hajakanyaga kizingiti wanaume wakapiga kelele, "Rudi, mama, rudi! Mwanamke akiingia, pombe inageuka siki!" Akarudi uso umemwiva kwa hasira. Lakini njiani hasira ile ikageuka kiburi. Haya, akasema moyoni, wao na mlango wao, mimi na wangu. Tangu siku hiyo akawa mkali kuliko hata mkwewe. Padri mwenyewe tamali zake alipewa dirishani.

Jambo moja tu lilimnyima raha: tamali za Bi Petronila, jirani wa ng'ambo ya barabara. Zilikuwa na kitu. Utamu fulani wa mbali, unaofika mtu akishameza. Bi Eduviges alibadili mafuta, akabadili chumvi, akabadili hata mahindi, wapi! Na kumuuliza Petronila hakuweza, shingo yake haikuinama kiasi hicho. Kisha Petronila akafa, hana binti wa kumwachia siri, na Bi Eduviges akamlilia kwa machozi ya kweli, nusu ya mtu na nusu ya tamali.

Mwaka ukakaribia kutimia. Siku mbili kabla ya misa ya kumbukumbu, mgane wa Petronila, Mzee Hilarión, akaja kwenye mlango wa jiko la Bi Eduviges. Huyu alikuwa mwanamume wa farasi na kamba, masharubu kama pembe za ng'ombe. Enzi za mkewe hata maji ya kunywa hakujichotea.

"Hodi, Bi Vige."

"Hodi ya nani? Kama ni mwanamume, simama hapo hapo."

"Ni mimi, Hilarión."

"Basi rudi nyuma kidogo."

Akarudi, kofia mkononi. "Nimekuja kwa habari ya tamali za kumbukumbu. Nataka watu wale kama zake. Si kama zako."

Tomasa, wifi yake Bi Eduviges, aliyekuwa akiosha maganda, akashika kifua. "Yesu na Maria! Wifi, unatukanwa mlangoni kwako!"

"Situkani mtu," Hilarión akasema. "Zako nzuri. Ila zake zilikuwa..."

"Zilikuwa nini?" Bi Eduviges aliuliza haraka mno, hata Tomasa akamgeukia.

"Sijui kusema. Nikikutana nacho nitakijua."

Bi Eduviges akampelekea nje tamali ya jana. Hilarión akala, akatikisa kichwa. "Siyo. Ile ilinifika puani kabla ya mdomoni. Petronila akifunua sufuria, mimi niko uani na farasi, na harufu inanifuata. Farasi mwenyewe anainua kichwa."

Basi siri iko kwenye mvuke, na pua inayoujua ni ya huyu. Bi Eduviges akasimama, mwiko mkononi, akiwaza. Akimwingiza na tamali zikatoka mbichi, kesho wanawake wote watasema Eduviges kavunja sheria yake mwenyewe, na sufuria ya kijiji itahamia kwa mwingine. Asipomwingiza, atakufa hajui. Na hili la kufa hajui lilimwasha kuliko lile la kusemwa.

"Ingia," akasema.

"Wifi!"

"Nyamaza, Tomasa. Ataingia na aproni. Pengine sufuria haitamtambua."

Hilarión akaitazama aproni yenye maua kama mtu anayetazama nyoka. Akaivaa. Haikupita dakika, Nabor, rafiki yake wa kilabuni, akapita barabarani na punda wake, akamwona kupitia mlangoni.

"Hilarión! Kumbe jogoo anataga siku hizi?"

"Nikitaga, wewe hupati hata ganda!" Hilarión akajibu, lakini masikio yalikuwa mekundu.

Sufuria ikawekwa motoni, wakangoja. Bi Eduviges akafunua sufuria, mvuke ukapanda, akafungua tamali ya juu. Nyeupe. Mbichi. Imenata.

"Si nilisema!" Tomasa akapiga makofi. "Si nilisema! Sasa acheze."

Ndiyo dawa: aliyeiudhi sufuria huizunguka akiicheza mpaka isamehe. Hilarión akamtazama Bi Eduviges kama anaomba msaada, akaona hakuna. Akacheza. Alicheza na viatu vyake vya kupandia farasi, mikono mgongoni, uso mzito kama yuko mazikoni, vumbi la jiko likipanda, na Tomasa akicheka hadi akakaa chini. Mara akasimama, pua juu.

"Bi Vige. Chini ya tamali mna nini?"

"Maji. Ulitaka muwe na nini?"

"Maji matupu?"

"Matupu. Mvuke wa tamali ni wa maji, tangu dunia iumbwe."

Hilarión akavua kofia, akaivaa tena. "Mvua zikiisha, tukienda kuweka misalaba ya maua ya perikoni shambani kuyalinda mahindi, Petronila alikuwa ananiagiza nimletee mzigo mwingine wa maua yale. Kila mwaka. Akasema ni ya kulowekea magoti."

"Magoti yapi?" Bi Eduviges akasema polepole. "Petronila hakuumwa magoti. Alitushinda sote kwa kucheza."

Wakatazamana. Maua ya njano, ya mlimani, yenye utamu wa bizari tamu. Bi Eduviges alikuwa ameutafuta ule utamu ndani ya unga miaka yote, kumbe ulikuwa chini, majini. Na huyu mtu alikuwa akiubeba juu ya farasi, nusu nzima ya mapishi, bila kujua anabeba nini, kwa sababu hakuna aliyewahi kumruhusu kuona unakokwenda.

"Unayo bado?"

"Kitita cha mwisho kinaning'inia bandani."

Akatoka mbio. Akavuka barabara na aproni yake ya maua, Nabor akiwa bado pale, na wengine wawili wameongezeka. Walipiga miluzi. Hilarión hakugeuza hata shingo.

Maua yakaingia majini, sufuria ikafunikwa. Ilipofunuliwa mara ya pili, harufu ikajaa jiko lote. Bi Eduviges aliinama juu ya mvuke, akafumba macho, akakaa kwenye kigoda chake. Tomasa akafungua tamali. Imeiva, imeachia ganda yenyewe.

"Basi sheria ni uongo," akasema Tomasa, kama aliyekosewa.

"Uongo wapi? Si amecheza? Imemsamehe." Na hapo Bi Eduviges hakuyumba, wala hatayumba.

Asubuhi ya kumbukumbu wanawake wa mtaa walikuja kusaidia, wakaganda mlangoni. Mzee Hilarión alikuwa ameketi kando ya sufuria akifunga maganda, vibaya sana, ulimi nje kama mtoto.

"Bi Vige, na huyu je?"

"Huyu ni wa maji. Mimi ni wa unga," Bi Eduviges akasema, bila kuinua macho. "Ingieni au tokeni. Mnaleta upepo."