Baada ya Pampu

Orodha ilisomwa na simu. Mdogo wangu haoni, kwa hiyo simu yake humsomea kila ujumbe unaoingia, kwa ile sauti ya mashine isiyojua kucheka wala kununa. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mimi napiga pasi sare yangu, yeye anakunywa chai. Simu ikasema safari ya kilomita mia na hamsini ni Jumapili ya wiki ijayo, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, waendeshaji ishirini na wawili. Ikataja majina yote ishirini na mawili. Lake halikuwamo. Kisha ikaendelea: "Gari la nyuma litabeba maji, ndizi, mipira ya akiba, pampu, Sifuri."

Sifuri ndiye mdogo wangu.

"Hebu irudie hiyo," nikasema.

Akairudisha nyuma. Ikasoma vilevile, bila aibu. Pampu, Sifuri.

Mimi si mtu wa kumeza maneno. Nilimtukana Kapteni wa kikundi chao cha baiskeli, nikawatukana na wazazi wake, Mungu anisamehe, maana mama yake ni mtu mwema na shuka zake hunipa nizifue mimi. Nikauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani ni akili gani hiyo inayomhesabu mtu mzima pamoja na ndizi. Nilisema mengi. Yeye alikuwa kashika kikombe kwa mikono miwili.

"Dada," akasema mwishowe, "unaunguza sare."

Kweli, nilikuwa naiunguza.

Niwaeleze ni nani huyu aliyeandikwa baada ya pampu. Ana miaka arobaini na mbili. Kwa miaka kumi na tisa amekaa katika chumba cha simu cha hospitali yetu, chumba kisicho na dirisha, kwa sababu aliyekigawa aliona dirisha litamsaidia nini. Ukiwa wodini ukataka kuongea na mtu wa nje, unabonyeza sifuri, unampata yeye. Ndiyo sababu ya jina. Namba za ndani zote anazo kichwani, na za nje hajui mwenyewe ni ngapi. Daktari wa upasuaji akikohoa tu kabla ya kusema, tayari keshaunganishwa na anakotaka. Mazungumzo ya watu hasikilizi. Anaunganisha, anatoka kwenye laini, na hilo kwake halina mjadala. Mimi niko ghorofa ya chini kabisa, chumba cha kufulia, na shuka mia nne kwa siku.

Baiskeli yake ni ya watu wawili. Fundi wa boila wa hospitali alichukua baiskeli mbili kuukuu akaziunga kwa kuchomelea, akaipaka rangi ya mabomba. Mbele anakaa anayeona. Huyo ndiye mwenye usukani na breki, na kazi yake nyingine ni kuitamka njia: shimo, tuta, kona kushoto. Nyuma anakaa mdogo wangu. Pedali zao zimefungwa pamoja kwa mnyororo, za mbele zikizunguka na za nyuma zinazunguka. Watu wanaowatazama barabarani huona mmoja anaendesha na mwenzake kapewa lifti. Kwamba wa nyuma naye ana miguu, hilo hawalioni, na wana macho mawili mawili.

Kwa safari hii alijiandaa miezi minane. Kila mapumziko ya mchana alipanda na kushuka ngazi za hospitali, ghorofa tano mara sita, wauguzi wakimpisha na mabeseni yao. Aliacha sukari kwenye chai, jambo lililonishinda mimi. Kiti chake nilikishonea taulo lililochakaa, nikalikunja mara tatu, nikalifungua nikalikunja upya kwa sababu mshono ulimchubua. Kila Jumamosi walitoka na wenzao, kwanza kilomita thelathini, halafu hamsini, halafu themanini, Mfamasia akiwa mbele.

Mfamasia ni mtoa dawa wa palepale hospitalini. Kijana mzuri wa sura, na anajua kwamba ni mzuri wa sura. Mwaka jana alipitwa na msichana mmoja wa kikundi, akageuka kumtazama, akasahau kutamka shimo. Yeye alichubuka kiwiko. Mdogo wangu alivunjika mfupa wa bega, na kwa wiki sita nilimvalisha shati mimi.

Basi mchana ule wa Alhamisi tulimfuata Kapteni dukani kwake. Anauza rangi. Tulimkuta anakoroga kopo la kijani, akatuona, akazidi kukoroga.

"Karibuni. Najua mmekuja kwa sababu ya ile orodha," akasema. "Ni usalama tu, jamani."

"Nimeandikwa baada ya pampu," akasema mdogo wangu.

"Ah, bwana, ile ni orodha tu. Haina mpangilio."

"Ina mpangilio. Maji yametangulia."

Kapteni akaweka kijiti chini. Akasema ukweli ni kwamba Mfamasia amejipatia baiskeli yake mwenyewe, nyepesi, na safari hii anataka aende peke yake. "Anasema amechoka kukubeba milimani. Sasa mimi nifanye nini? Halafu," akaongeza, akinitupia jicho, "hata nyumbani kuna watu wana wasiwasi."

Mimi nilikuwa nasoma makopo. Rangi ya maziwa, rangi ya matofali, rangi ya maji ya bahari. Nilizisoma zote.

Sasa niseme langu, maana nimekaripia sana, na mtu akikaripia hivyo mjue ana lake. Wiki tatu kabla ya siku hiyo nilimpigia Kapteni nikiwa kazini. Nilimwambia safari ni ndefu, bega ni lile lile, Mfamasia ni yule yule, na kama ana utu amtafutie mdogo wangu nafasi kwenye gari la nyuma bila kumwambia aliyeomba. Nilidhani ataitengeneza kwa adabu. Sikujua atamwandika pamoja na vifaa. Kwa hiyo niliponguruma pale nyumbani, nilinguruma kwa hasira ya kweli, lakini nusu yake ilikuwa ya mtu anayesikia mlango wake mwenyewe ukigongwa.

Mdogo wangu akamwambia Kapteni: "Jumamosi tupande mlima wa tangi la maji, mimi na Mfamasia, mara moja tu, wote mkiwepo. Ikionekana nabebwa, Jumapili nitakaa na ndizi."

Kapteni akakubali. Nadhani alitaka tutoke dukani.

Mlima wa tangi si mrefu, ila umesimama. Jumamosi walikuwepo wote, wamepanga baiskeli zao juu, wananing'iniza chupa za maji. Mimi nilisimama katikati ya mlima nikijifanya nimewaletea watu taulo. Mfamasia akapanda mbele, akasema kwa sauti ili wa juu wasikie, "Haya mzee, nikubebe mara ya mwisho."

Wakaja. Walipanda vizuri tu, mnyororo ukilia, mpaka karibu na pale niliposimama. Hapo mdogo wangu akatoa miguu yake kwenye pedali, akaiweka juu ya bomba la baiskeli, akashusha mikono mapajani. Akatulia kama mtu aliyekaa kwenye kibaraza chake.

Baiskeli ikapungua mwendo. Shingo ya Mfamasia ikatoka mishipa.

"Sukuma," akasema.

"Nimebebwa," akajibu mdogo wangu.

"Sukuma bwana, tunaanguka."

"Si umezoea?"

Hawakumaliza hata urefu wa chumba changu cha kufulia. Mfamasia akashusha mguu chini, akaegemea usukani, anahema.

Mdogo wangu akateremka, akaishika baiskeli upande wake. "Nina kilo sitini na nane," akasema, si kwa kupaza, lakini mtu wa simu husikika hata akinong'ona. "Miaka miwili nasikia kwenye mnyororo kila unapopumzika. Ukinywa maji unapumzika. Ukipiga soga unapumzika. Msichana akitupita ndiyo unakaza. Sikusema, kwa sababu nilijua na mimi siku nikichoka utanifichia. Kumbe wewe unawahesabia watu."

Msichana mmoja kule juu alicheka, wengine wakafuata. Mfamasia alikuwa mwekundu wa masikio. Baadaye kidogo alisema basi, atakaa mbele Jumapili, akalisema kwa uso wa mtu anayekunywa dawa anazowapa wengine. Kapteni akashuka akitikisa kichwa.

"Umeshinda, bwana. Jina linarudi," akasema. Halafu, kwa ule upole wake unaoua watu, akanigeukia. "Lakini dada, na wewe sasa umeruhusu? Maana ni wewe uliyenipigia."

Nilitamani ardhi inimeze, na lile tangi linifuate.

"Najua ni yeye," akasema mdogo wangu.

Akanigeukia sawasawa, maana anajua mtu alipo kwa pumzi zake. Nimemlea tangu mama yetu alipofariki, yeye ana miaka tisa na mimi kumi na saba, na sijawahi kumwona na uso ule.

"Wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, ulibonyeza sifuri ukaomba duka la rangi," akasema. "Ukasema unaulizia rangi ya jikoni. Nikakuunganisha, nikatoka, sikusikiliza hata neno. Wiki tatu zote jikoni hakujanuka rangi. Nikajiambia labda hawakuwa nayo. Alhamisi simu iliposoma orodha, nikaelewa ulikuwa unaulizia nini."

"Nilikuwa naogopa," nikasema.

"Na ukakaa unamtukana Kapteni mbele yangu mpaka sare ikaungua. Kapteni ameandika tu, dada. Wewe ndiye uliyempa kalamu."

"Nimekulea mimi," nikasema, na sauti ikanipanda, maana hata mkosaji ana hasira zake. "Bega lile nililiosha mimi. Shati nilikuvalisha mimi."

"Ulinilea," akasema. "Umemaliza."

Akamwomba msichana aliyecheka ampeleke nyumbani. Mimi nilibaki na taulo zangu.

Siku mbili hatukusemezana. Alijitengenezea chai. Akajipigia pasi shati mwenyewe, likawa na mkunjo mgongoni kama barabara ya vumbi, na nikamwacha atoke nalo. Nilikuwa nimekasirika jamani, nisijifanye mtakatifu. Nilimkasirikia kwa kunivua nguo mbele ya watu ishirini na wawili. Nilimkasirikia Kapteni kwa ule mdomo wake. Kisha nikawa nalala mchana baada ya zamu, sipati usingizi, nalisikia lile neno, umemaliza, na hakuna wa kumtukana.

Jumatatu saa nne asubuhi niliacha mashine zinazunguka, nikainua simu ya ukutani, nikabonyeza sifuri.

"Hospitali, nikusaidie nini?"

"Ni mimi."

"Nani mwenzangu?"

Anamjua daktari kwa kikohozi, mimi ananiuliza nani. Nikajikaza. "Chumba cha kufulia."

"Unataka wapi?"

"Duka la rangi. Na usitoke kwenye laini."

"Huwa sisikilizi mazungumzo ya watu."

"Leo sikiliza."

Nikasikia anabonyeza namba. Kisha simu ikaita upande wa pili, Kapteni akapokea. Nikamwambia: "Niliyekuomba umweke mdogo wangu garini ni mimi. Nilikuomba kwa woga wangu mimi, miguu yake haina tatizo. Usiniulize tena kama nimeruhusu, maana sina ruhusa ya kutoa wala ya kunyima. Na siku nyingine nikikupigia kukuambia habari za mtu mzima ambaye hakunituma, nikatie simu."

Kapteni akasema sawa, sawa dada, yaishe. Akashusha simu. Kwenye laini ikabaki pumzi moja tu, na ile pumzi naijua tangu ikiwa katika kifua cha mtoto.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Wodi ya tatu wananisubiri."

Akakata. Nikarudi kwenye shuka zangu, nikalia kidogo katikati ya mvuke, mahali ambapo uso wa kila mtu umelowa.

Alhamisi asubuhi nilikuwa napiga pasi, shati lake lile la mkunjo, kwa sababu jioni ya jana yake alilileta akalining'iniza mbele yangu. Yeye anakunywa chai yake isiyo na sukari. Simu ikaingiza ujumbe. Akaiacha isome.

"Waendeshaji ishirini na watatu," ikasema. Jina lake lilikuja la tatu, na la Mfamasia likafuata. Niliweka pasi wima nisije nikaunguza kitu. Mashine ikaendelea na sauti yake ileile: "Gari la nyuma litabeba maji, ndizi, mipira ya akiba, pampu, dada yake Sifuri."

Damu ilinipanda mpaka utosini. Nilisimama pale, mtu mzima wa miaka hamsini, bwana na bibi wa shuka mia nne, nimesomwa baada ya pampu jikoni kwangu mwenyewe.

"Nani kaniandika hivyo?"

"Mimi," akasema. "Nilijiunganisha na duka la rangi."

"Hukuniuliza kama nataka kwenda."

"Sikukuuliza," akasema, akanywa chai.

Nilifungua mdomo. Maneno niliyotaka kumwambia, yale ya kumpa mtu kalamu, nilikuwa nimeshayasikia, yalisemwa mlimani, tena mbele ya watu. Nikashika pasi, nikaunyoosha ule mkunjo wa mgongoni mpaka ukatoka.

"Angalau mwambie aniandike kabla ya ndizi," nikasema.

Akasema orodha imeshafungwa.